Je, Wajua? Siki Husaidia Kuzuia Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Muda huo wote mwanamke anaweza asihisi chochote.

• Kipimo: Muuguzi hupaka mlango wa kizazi maji ya siki kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha humulika taa. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Majibu hutoka papo hapo, na mara nyingi sehemu hiyo hutibiwa siku ileile kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto, kabla haijawa saratani.

• Nani apimwe? Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25.

• Chanjo ya HPV: Rwanda iliianza 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Humkinga zaidi msichana akichanjwa kabla ya kuanza kujamiiana. Hata aliyechanjwa apimwe umri ukifika.

• Usipuuze: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi moja na nyingine au baada ya kukoma hedhi, na uchafu wenye harufu mbaya.

Dada, mama, shangazi: usisubiri maumivu. Nenda kapimwe ungali mzima, na binti yako mpeleke akachanjwe.