Elimu ya Akili na Watoto Wetu wa Chuoni

Ndugu Waislamu, hivi karibuni alitujia chuoni mama mmoja wa hapa Ngarenaro, mjini Arusha, naye ana dhiki moyoni. Binti yake, aliyehitimu Kurani kwetu, ataka kwenda chuo kikuu kusoma elimunafsia, na hasa lile tawi lake liitwalo saikolojia ya utambuzi. Akatuuliza, "Maalim, mwanangu aende akasomee wendawazimu?" Twapenda kumjibu hapa, kwani twajua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kwanza na ijulikane ya kuwa elimu hii haihusu wendawazimu. Yachunguza jinsi mtu mwenye akili timamu anavyotambua alionalo, anavyokaza fikira, anavyokumbuka na kusahau, anavyofahamu maneno, na anavyokata shauri. Wala haisomwi kwa kubuni. Mwanafunzi huweka majaribio, hupima na kuhesabu. Kwa hiyo hisabati za takwimu hazina budi kwake.

Na mengi katika hayo yatuhusu sisi walimu wa vyuo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alikuwa akijihifadhisha silabi zisizo na maana, kisha akijipima. Aliona kuwa mtu husahau kwa haraka katika saa za mwanzo, kisha kusahau kukapungua kasi. Mwalimu aliyezoea kurudisha sura ya jana kabla ya kutoa sura ya leo hatalistaajabia jambo hili.

Kadhalika mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizirudia kwa macho, na wengine waliandika wanayoyakumbuka pasipo kuzitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kwa macho walitangulia. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojikumbusha ndio waliobakiwa na mengi. Basi tumsikilize mtoto akisoma kwa moyo, wala tusiridhike kumwona ameinamia msahafu.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Sylvia Scribner na Michael Cole waliwachunguza watu wa kabila la Vai nchini Liberia, wakaandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1981. Waliosoma Kurani waliwapita wenzao katika kukumbuka orodha ya maneno iliyozidishwa neno moja moja, mfano wa vile aya zinavyohifadhiwa. Katika majaribio mengine ya kukumbuka hawakuwa na ubora huo. Kumbe kuhifadhi ni ufundi, na ufundi hukua pale unapozoezwa. Mtoto aliyehifadhi juzuu nyingi bado yampasa afundishwe kufikiri na kufahamu.

Sasa twaja kwenye jambo lililotugusa zaidi. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenziwe, wakiwamo Watanzania, walitoa habari za watoto wa shule za karibu na Bagamoyo. Watoto walipimwa, kisha wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyaendea maswali ya aina ile, kisha wakapimwa tena. Walipanda. Na aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Maana yake ni kwamba jaribio moja laonyesha alichokwisha kufundishwa mtoto, wala halionyeshi anachoweza kujifunza.

Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka kijana mmoja. Alikuwa akiteremka kutoka miteremko ya Meru alfajiri, katika baridi ya mwezi wa Julai mlima ukiwa umefunikwa na mawingu, akifika amechoka, naye akisinzia mbele ya ubao. Tulimwita mzito wa kichwa, tukamchapa, na mwisho tukamwambia baba yake asimlete tena. Leo anauza vipuri vya magari Unga Limited, na hesabu za wadeni wake wote amezihifadhi kichwani. Kichwa chake kilikuwa kizima. Sisi ndio tulioshindwa kukifungua. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kutuonya katika Ihyaa ya kuwa mtoto anayekazwa kwa masomo daima bila ya mchezo moyo wake hufa na akili yake hudumaa. Kitabu tulikuwa nacho rafuni.

Basi jibu letu kwa mama yule ni hili: mwache binti aende. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimunafsia ya elimu, na walimu wa shule hufunzwa somo hilo. Ama khofu ya kukaa mbali, wazazi na watafute makazi ya stara na jamaa wa kumwangalia. Atakaporudi, twataka aje akae chuoni kwetu siku kadha wa kadha, atuonyeshe ni mtoto gani tunayemwita mzito, naye anangoja kufundishwa kwa njia nyingine tu.

Wabillahi taufiq.