Mpondwe: Piga mlima, sisi tuache

BWERA, Uganda. Siku ya soko hapa Mpondwe, ukitoa kamera asubuhi karibu na daraja la mto Lhubiriha, utakachopata kwanza ni migongo. Wanawake wenye beseni za samaki, vijana wanaosukuma baiskeli zilizolemewa na magunia ya maharage, wabebaji wa chumvi ya Katwe wanaoelekea Kasindi: wote wanageuka. Anayevuka na mzigo mdogo hajui picha yake itafika kwa nani, kwa watu wa ushuru au kwa anayemdai. Mama mmoja muuza samaki alinipungia mkono na kuniambia, bila hasira, kwamba nipige mlima, wao niwaache.

Nikageuka niupige mlima. Haukuwepo. Ruwenzori ni mlima wa kujificha, na wako wafanyabiashara wanaopita Kasese kila wiki ambao hawajawahi kukiona kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, hata mara moja.

Aliyebahatika ni Vittorio Sella, Mwitaliano aliyefuatana na msafara wa Duke wa Abruzzi mwaka 1906, wakati picha zilipigwa kwenye vioo na mizigo yote kupanda vichwani na migongoni mwa watu. Picha zile zilikusudiwa kuonyesha ushujaa wa waliopanda. Vilele vikapewa majina ya Wazungu, na wapagazi hawakupewa hata jiwe. Lakini leo picha hizo zina kazi nyingine: ni ushahidi wa barafu iliyokuwepo. Wakati ule zilihesabiwa barafu zaidi ya 40. Klaus Thymann, mpiga picha wa Denmark mwenye mradi uitwao Project Pressure, amerudi huko mara kadhaa tangu mwaka 2012, na kila akirudi anakuta mwamba umeongezeka, barafu imepungua.

Kwa Bakonzo hilo si jambo la wanasayansi peke yao. Nzururu ni theluji, na Rwenzururu ni mahali pake. Kwa imani ya wazee, Kitasamba anakaa huko juu. Theluji ikiisha, sijui mzee atamwelekeza mjukuu wake atazame wapi.

Maji nayo yana kumbukumbu zake. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, kule kwenye machimbo ya zamani ya shaba. Yale yalikuwa maji ya mvua kubwa, si ya barafu, ingawa mjini utasikia yakichanganywa. Picha za mafuriko hayo zilisambaa bila mtu kuulizwa kitu. Picha ya mto haimtii mtu kizuizini.

Picha ya kasri ni habari nyingine. Novemba 26 na 27 mwaka 2016, baada ya mapigano na walinzi wa kifalme, wanajeshi na polisi waliivamia ikulu ya Omusinga Charles Wesley Mumbere mjini Kasese. Serikali ilisema walinzi hao walikuwa wanamgambo waliotaka kuunda Jamhuri ya Yiira, ya kuwaunganisha Bakonzo wa huku na Banande wa Kongo. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa kwa siku hizo mbili walizidi 150, wakiwemo watoto. Joy Doreen Biira, Mganda aliyekuwa mtangazaji wa KTN ya Kenya, alikamatwa Kasese kwa kusambaza picha za tukio hilo, akashtakiwa kwa kusaidia ugaidi. Mashtaka yalifutwa Machi 2017. Lakini kila mwenye simu mjini hapa alikuwa ameshajifunza.

Miili ambayo haikuchukuliwa na jamaa ilizikwa na serikali kwenye ardhi ya kambi ya jeshi ya Kihara. Kaburi lililo kambini si mahali pa kupitia ukitoka sokoni, ukasimama dakika tano na kwenda zako. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linalouma kuliko hata ubishi wa idadi ya waliokufa.

Omusinga alifutiwa mashtaka Juni 2023 na kurejea Kasese Oktoba mwaka huo. Picha za mapokezi ziko kila mahali, na ni nzuri. Watu walilia barabarani.

Lakini ni katika mwezi uleule wa Juni, usiku wa tarehe 16, waasi wa ADF walipoingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, mwendo mfupi kutoka mpakani. Waliuawa watu 42, wanafunzi 37 kati yao. Bweni la wavulana lilichomwa moto, na baadhi yao hawakuweza kutambuliwa kwa sura, ikabidi vipimo vya vinasaba. Nimefikiria sana jambo hilo tangu nifike. Kila mzazi ana picha ya mtoto aliyevaa sare, imebanwa kwenye fomu au imewekwa kwenye simu, na siku ile picha hiyo haikuweza kumsaidia kumtambua mwanawe.

Ng'ambo ya mto nao wana yao. Januari mwaka uleule bomu lililipuka kanisani Kasindi, waumini wakiwa kwenye ibada. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walizika ndani ya miezi sita, wengi wakiwa na lugha moja na hata ukoo mmoja, lakini kila upande ulilia na serikali yake. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ushuru wa pamoja una vikao vyake, maombolezo ya pamoja sijayasikia kwenye ajenda.

Niliifikia shule. Kamera ilibaki begani.

Jioni mawingu yalifunguka kidogo upande wa kaskazini, weupe ukaonekana, sijui kama ni theluji au wingu jingine. Yule mama wa samaki, akiwa amekwisha kuuza, alininyooshea kidole kule juu kabla sijaona mwenyewe. Nilipiga mbili. Moja imetoka na ukungu mtupu. Nyingine, chini pembeni, ina beseni lake tupu na ncha ya kanga. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda, akasema hiyo naweza kuichapa.