TANGAZO LILINGANE NA KIOO CHA MSOMAJI
Maelezo kwa watumishi wa umma na wananchi kuhusu kurasa za tovuti na ukubwa wa vioo

Tangazo la Serikali huwa limetolewa kikamilifu pale tu mwananchi anayehusika anapolipata, akalisoma na akalielewa. Karatasi iliyobandikwa katika ubao wa matangazo huonekana kwa namna moja na kila anayesimama mbele yake. Tovuti haiko hivyo. Ukurasa ule ule hubadilika sura kwa kufuata upana wa kioo cha msomaji, ukubwa wa dirisha alilolifungua na kivinjari anachokitumia. Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo na mambo yanayompasa kila mtumishi anayeweka taarifa katika tovuti.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, wenye Wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mtumishi aliyeko ofisini huandaa tangazo mbele ya kompyuta yenye kioo cha upana wa pikseli 1366 au 1920, yaani nukta ndogo zinazounda picha katika kioo. Mkulima wa pamba aliyeko Dutwa, au kijana anayetafuta kazi huko Meatu, hulisoma tangazo hilo kwa simu ya mkononi, ambayo kivinjari chake kwa kawaida huhesabu upana wa pikseli 360 hivi. Kilichoenea vizuri mezani kwa mtumishi hakina nafasi kiganjani mwa mwananchi.

Madhara yake si madogo. Tuseme ofisi imetoa jedwali la kuita watu kwenye usaili, lenye safu sita: namba, jina, kada, tarehe, saa na mahali. Katika simu zikaonekana safu tatu za mwanzo, na nyingine zikabaki nje ya kioo, upande wa kulia. Msomaji huliona jina lake, akafurahi, asijue kwamba tarehe ipo na kwamba ni kesho. Ofisi itasema imetangaza. Mwananchi atasema hakuambiwa. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Tatizo hili lina historia yake. Mtandao wa kurasa ulipoanza mwaka 1991 kwa kazi ya Tim Berners-Lee, kurasa zilikuwa maandishi matupu, na maandishi hujipanga yenyewe kufuata upana wa dirisha. Baadaye, katika miaka ya 1990, wasanifu wengi walianza kuzifunga kurasa kwa upana mmoja, kwanza kwa vioo vya pikseli 640, kisha 800. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kivinjari chake kiliuchukulia ukurasa wa namna hiyo kuwa una upana wa pikseli 980, kikaubana wote uenee katika kioo kidogo. Hesabu yake ni rahisi: herufi ya pikseli 16 iliyobanwa kutoka 980 hadi 360 hubaki chini ya pikseli 6. Hakuna jicho linaloisoma bila ya kuikuza.

Mwaka 2010 msanifu wa Marekani, Ethan Marcotte, alieleza njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojirekebisha wenyewe, badala ya kuwa na tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Njia hiyo ina nguzo tatu. Kwanza, upana wa sehemu za ukurasa hupimwa kwa asilimia ya dirisha, wala si kwa idadi maalumu ya pikseli. Pili, picha huwekewa sharti la kutozidi upana wa mahali ilipowekwa. Tatu, ukurasa hupewa kanuni za masharti: dirisha likiwa jembamba, safu zilizokuwa sambamba hushuka na kukaa moja chini ya nyingine. Kanuni hizo zilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha kimataifa mwaka 2012. Huongezwa pia agizo fupi kichwani mwa ukurasa, la kukiambia kivinjari kiutumie upana halisi wa kioo na kisijidai kuwa na kioo kikubwa. Fundi cherehani hamshonei mteja nguo kwa vipimo vya mwili wake yeye fundi. Msanifu naye ndivyo ilivyo.

Kwa upande wa Tanzania Bara, mikoa na halmashauri zilipatiwa mwaka 2017 tovuti zilizojengwa kwa mfumo mmoja. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, ndiyo inayosimamia viwango vya tovuti za taasisi za umma. Hata hivyo, ni vyema ikaeleweka kwamba mfumo mzuri hauwezi kuokoa taarifa iliyowekwa vibaya. Barua iliyopigwa picha kwa skana na kuwekwa kama faili la PDF haijirekebishi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ni milimita 70 hivi. Herufi za ukubwa wa 12 zitaonekana kama za ukubwa wa 4.

Kwa hiyo, watumishi wanaohusika wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Maneno ya tangazo yaandikwe katika ukurasa wenyewe. Nakala yenye saini na muhuri iambatanishwe chini yake kwa ajili ya kumbukumbu.

(b) Jambo kuu, yaani nani anahusika, lini, wapi na aje na nini, liwekwe katika mistari ya mwanzo.

(c) Jedwali lisizidi safu tatu. Likiwa refu, tarehe na mahali vinavyowahusu watu wote vitolewe nje ya jedwali na kuandikwa juu yake.

(d) Maandishi yasiwekwe ndani ya picha. Picha nazo zipunguzwe uzito kabla ya kupakiwa, kwani picha ya megabaiti 5 hula kifurushi cha intaneti cha mwananchi kabla hajasoma neno.

(e) Kila tangazo lisomwe kwa simu ya kawaida kabla ya kuhesabiwa kuwa limetolewa. Asiye na simu karibu alipunguze dirisha la kivinjari katika kompyuta, hatua kwa hatua, na kuangalia ni wapi ukurasa unapoanza kukatika. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unataka maandishi yasomeke katika upana wa pikseli 320 bila ya msomaji kulazimika kusogeza ukurasa kulia na kushoto.

Wananchi nao wanakumbushwa kwamba jedwali linaloonekana kukatika huenda lina safu nyingine upande wa kulia. Ilazeni simu kwa ubavu, au sogezeni jedwali kwa kidole, kabla ya kuamua kuwa taarifa imekwisha. Tangazo lisilosomeka liripotiwe katika ofisi iliyolitoa. Kufanya hivyo ni kuwasaidia na wengine. Mbao za matangazo za kata na vijiji nazo zisiachwe tupu, kwani wapo wasio na simu za intaneti.

Mtumishi hana uwezo wa kumchagulia mwananchi kioo cha kusomea. Alicho nacho ni uwezo wa kuandaa ukurasa utakaosomeka katika kioo chochote, kuanzia kile kilicho kidogo kuliko vyote.