Salfa Inapoingia Nyumbani

Huku Nachingwea na Ruangwa familia nyingi hazina nyumba mahali na shamba mahali pengine. Nyumba iko katikati ya mikorosho. Bibi hupepeta mbaazi kivulini, kuku hutaga shinani, na mtoto hujifunza kazi kwa kumtazama baba yake. Ni maisha mema, maana watu wa nyumba moja huonana mchana kutwa. Lakini zahanati iko mbali, na mtoto akizidiwa usiku usafiri ni baiskeli au mgongo wa mama.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, safari hii tuzungumzie salfa.

Mikorosho inapochipua na kutoa maua, kuanzia Juni hivi, huja ubwiri unga. Ukungu huo mweupe hukausha maua, na korosho zisipatikane. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga. Hupulizwa kwa bomba la injini alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali majanini ili unga ushike. Asiyepuliza anaweza kukosa ada ya shule na bati za nyumba. Basi hatumwambii mtu aache kupuliza.

Taabu ni kwamba kazi hii huwa ya familia nzima. Baba hubeba bomba, kijana hulijaza salfa, mama huleta maji na mtoto yuko mgongoni. Unga ule hauchagui. Huwasha macho na ngozi yenye jasho, na ukivutwa huleta kikohozi na kubana kifua. Mwenye pumu anaweza kushikwa vibaya sana. Tena, kwa kuwa nyumba iko mle mle shambani, unga huingia mtungini, hutua juu ya makopa yaliyoanikwa na juu ya kanga atakayofunikwa mtoto.

Yafaa basi matayarisho yaanze jioni ya kuamkia kazi. Maji yatekwe na kufunikwa, makopa na nguo viingizwe ndani. Alfajiri, watoto, mama mjamzito na mwenye pumu waende kwa jirani, upande ule upepo unakotoka. Tunajua jirani naye huenda anapuliza siku hiyo hiyo. Afadhali mpatane siku. Mpulizaji avae shati la mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunika miguu na miwani, na afunike pua na mdomo. Kitambaa hupunguza unga tu, hakiuzuii wote, kwa hiyo asiende kinyume na upepo. Asivute sigara, kwani salfa hushika moto. Akimaliza, aoge kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, hata mtoto akimlilia. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Salfa ikiingia jichoni, usilisugue. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha uende zahanati kama maumivu hayaishi.

Wapo wasemao salfa si sumu kali. Kweli, zipo dawa za maji za kuulia wadudu zilizo kali kuliko hiyo, nazo zahitaji uangalifu zaidi. Hata hivyo mfuko wa salfa usilale chumba kimoja na watoto, wala mfuko mtupu usiwekwe unga wa ugali. Chupa ya dawa isitiwe mafuta ya taa wala ya kula, hata ikioshwa mara kumi.

Halafu huja mavuno, na hapo nyumba huchangamka. Watoto hukimbilia mabibo yaliyoanguka, juisi ikiwachuruzika hadi viwikoni, na jioni korosho huchomwa nje. Waacheni wafurahi, ila wasipasue korosho mbichi kwa meno. Mafuta ya ganda lake huunguza midomo na vidole. Anayechoma akae mbali na moshi, na watoto wangoje mpaka maganda yamekwisha kubanguliwa.