Mwani, Bamvua na Daftari la Mradi

Tangu ukulima wa mwani wa biashara ulipoanza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, pande za Paje na Jambiani, aghalabu ya wakulima wake wamekuwa wanawake. Hivyo mwenye kuutathmini mradi wa huko kwa mizani ya usawa wa kijinsia huenda akadhani hana la kuuliza, maana akihesabu vichwa, wanawake wamejaa tele. Hesabu ya vichwa, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake.

Mwani hupandwa wakati wa bamvua, bahari ikupwapo: mambo, yaani vigingi, hukitwa mchangani, kamba huvutwa baina yake, na vipande vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwa nyuzi za taitai, mkulima ameinama na maji yakimfika magotini, mpaka bahari irejee. Daftari lililoandika kilo zilizouzwa na idadi ya waliohudhuria mafunzo halielezi huyo mama aliamka saa ngapi ili apike kabla ya kushuka pwani, wala nani alizipokea fedha kwa mnunuzi, wala nani aliamua zitumikeje.

Hasara ya kutouliza ilidhihirika bahari ilipozidi joto. Kotonii, aina ya mwani yenye bei kubwa kuliko ile iitwayo spinosum, ikawa yafa katika maji mafupi, na shauri lililotolewa ni kuipanda kwenye kina, ambako maji yana ubaridi kidogo. Kwa mtaalamu wa mimea shauri hilo lilikuwa sahihi. Lakini kina chataka chombo na chataka kuogelea, ilhali wanawake wengi wa pwani hawakufunzwa kuogelea, na vyombo si vyao. Mradi wa namna hiyo waweza kutangaza kwamba mavuno yameongezeka, na kumbe kazi imekwisha kuhamia kwa wanaume.

Ufuatiliaji wenye insafu, basi, huanza kabla ya kamba ya kwanza kufungwa, kwa kuuliza yale ambayo daftari halielezi. Kipimo cha kimataifa cha uwezo wa wanawake katika kilimo, kilichozinduliwa mwaka 2012, huwahoji mwanamke na mwanamume wa nyumba moja, kila mmoja kwa nafsi yake, juu ya uzalishaji, mali, mapato, uongozi na wakati. Fauka ya hayo, mkusanya takwimu sharti aijue kalenda ya maji: akienda na dodoso lake asubuhi ya bamvua atawakuta barazani wanaume watupu, kisha ataandika kwamba wanakijiji wamesema.