Mkokoteni Unaosema

(Ngoma. Kisha inashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tuko Kasubi, Kampala. Si mbali na hapa kuna Chuo Kikuu cha Makerere, alikofundisha mwigizaji Rose Mbowa, aliyefariki mwaka 1999.

Miaka ya 1990, Mbowa aliigiza kwa Kiganda kama Maama Nalukalala. Mchezo huo uliandikwa mwaka 1939 na Mjerumani Bertolt Brecht, naye akiwa mkimbizi: alikimbia utawala wa Hitler mwaka 1933.

Ni habari ya mama anayefuata majeshi akiuza bidhaa kwenye mkokoteni. Mwanzoni wanawe wawili wanauvuta. Yeye na binti yake wamekaa juu. Vita vinawachukua watoto wote watatu, mmoja mmoja. Mwishoni anauvuta peke yake.

Hapo mkokoteni umesema. Hata asiyejua Kiganda anaelewa vita vimemgharimu nini.

Kambini tuna lugha nyingi. Je, kikundi chenu kinataka kuigiza ugomvi wa bombani? Anzeni na dumu moja. Mwanzoni, mikono mingapi inalibeba? Mwishoni, limebaki na nani?

Tukutane kipindi kijacho.

(Ngoma inapanda.)