Chaji ya Linux Inaisha Mapema? Usikimbilie Betri Mpya

Laptopu ya mtumba haimalizi saa 2 bila waya, na fundi keshakutajia bei ya betri. Subiri kidogo. Fungua terminali, andika upower -e, kisha andika upower -i pamoja na lile jina lenye neno battery. Tafuta mstari wa capacity. Asilimia utakayoiona ndiyo itakayoamua pesa yako iende wapi.

Tuseme betri ilitoka kiwandani na wati-saa 48. Mashine ikila wati 12, utakaa saa 4. Ukibana matumizi hadi wati 8, utakaa saa 6, bila kununua kitu. Lakini uwezo huo (capacity) ukiwa umebaki asilimia 40, hata kwa wati 8 hutavuka saa 2 na nusu. Mimi nikikuta zaidi ya asilimia 70, naanza na programu za kubana matumizi. Chini ya 50, naanza kudunduliza za betri.

Programu zenyewe ni bure. Gharama yake ni bando na muda wako.

Ubuntu ya miaka ya karibuni huja na power-profiles-daemon. Haili bando: ingia kwenye mipangilio ya umeme, chagua hali ya kubana matumizi, basi. Mwenye haraka aanzie hapo.

TLP inafanya mengi zaidi na kifurushi chake hakifiki MB 1. Kinachokula bando ni ile sudo apt update ya kabla yake, inayoweza kushusha makumi ya MB, kwa hiyo ifanye kwenye Wi-Fi ya chuo au ya kazini. Usiiweke TLP juu ya power-profiles-daemon, zitagombana. Ondoa moja. Ukimaliza, sudo tlp-stat -s itakuonyesha kama inafanya kazi.

Faida yake kubwa ni kuzuia chaji isipande hadi 100, kwa sababu betri inayoshinda imejaa na yenye joto huzeeka upesi. Kama laptopu yako inashinda kwenye waya, fungua /etc/tlp.conf, weka chaji ianze kwenye 75 na iache kwenye 80. Wengi hubadilisha namba wakasahau kufuta alama ya # mwanzoni mwa mstari, kisha wakalaumu programu. Futa, halafu sudo tlp start. Si kila mashine inakubali. Amri ya sudo tlp-stat -b itakuambia. Wi-Fi ikianza kusuasua ukiwa kwenye betri, weka WIFI_PWR_ON_BAT=off.

Powertop itumie kupima nani anakula umeme. Amri yake ya --auto-tune hupotea ukizima mashine, na huweza kulaza kipanya cha USB kila ukikiacha kidogo. Usinunue kipanya kingine! Washa mashine upya, kitaamka.

Ikibidi betri, uliza bei ikiwa pamoja na ufundi, maana betri ya ndani inataka kufunguliwa mashine. Ile isiyo ya kiwanda ni nafuu na hupatikana upesi, ila laptopu nyingine hukataa kuichaji. Nenda na mashine yako, linganisha namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, na usilipe mpaka uione inachaji mbele yako na muda wa dhamana umeandikwa kwenye risiti.